Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Arusha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi. Miaka yote klabu yetu imezungumzia miti na mifuko ya plastiki. Safari hii tumechagua taka za nyuklia, kwa sababu urani, madini yanayotumika kuzalisha umeme wa nyuklia, imo katika ardhi yetu, huko Mto Mkuju wilayani Namtumbo, na Tume ya Nguvu za Atomiki ina ofisi zake hapa hapa Njiro.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umeme wa nyuklia hautoi moshi, hilo tunalikubali. Lakini uchafu wake huanzia mgodini. Mwamba ukishasagwa na urani kutolewa, sehemu kubwa ya mionzi hubaki kwenye topesumu, yaani tope la mabaki ya mwamba uliosagwa, maana radiamu, elementi yenye mionzi, huachwa humo. Radiamu hiyo huzalisha radoni, gesi yenye mionzi isiyo na rangi wala harufu. Bwawa la topesumu likivuja, visima viko hatarini. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu ana bibi yake Namtumbo, anayeteka maji kwenye pampu ya mkono. Alituuliza, “Bibi atajuaje?” Hatukuwa na jibu.

Halafu kuna fimbo za urani zilizokwisha kutumika kinuni, yaani kwenye mtambo wa nyuklia. Hulazwa majini miaka kadhaa zipoe, na hata zikipoa bado ni hatari: plutoniamu-239, elementi nyingine yenye mionzi iliyomo, huchukua miaka 24,000 hivi kupungua nusu. Ufini ilianza kuzalisha umeme huu miaka ya 1970, na mahandaki ya Onkalo ya kuzikia taka hizo, zaidi ya mita 400 chini ya ardhi, yamekuja kuchimbwa miaka mingi baadaye. Sisi tunataka mahali pa taka pajulikane kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utufikishie haya kwa wahusika. Maji ya visima vya Namtumbo yapimwe mapema, kabla uchimbaji haujashika kasi, na majibu yabandikwe kwenye ofisi za vijiji kwa Kiswahili. Bila kipimo cha leo, mwanakijiji hataweza kuthibitisha kesho kwamba maji yake yamebadilika. Pia tunaomba utuombee nafasi ya kutembelea Njiro, tuoneshwe jinsi mionzi inavyopimwa, na mwenzetu yule awe wa kwanza kushika kipimo.

Tunaomba kuwasilisha.