Shoga, hiyo spiriti iweke mbali na sikio lako

Shoga yangu wa siku zote,

Ujumbe wako nimeusoma nimeshapanda kitandani, nikaamka nikawasha taa kabisa, kwasababu pale uliposema lile tundu ulilotoboa sikio la juu wiki mbili zilizopita kila asubuhi na jioni unalipaka spiriti kwa pamba af unaizungusha hereni mara tatu "isigandane na nyama", roho iliniuma, maana ndo kitu kile kile nilichokuwa nafanya mimi na nakumbuka kilichonikuta. Nilitaka nikupigie ila muda ule ungekuwa umelala, kwahiyo nakuandikia, tena kwa urefu, usome lote mpaka mwisho hata kama ni kidogo kidogo.

Sijawahi kukusimulia vizuri habari ya sikio langu. Unaona mimi nywele nafunikia sana upande wa kushoto, watu wanadhani ni mtindo. Pale juu kwenye ukingo pana kidimbwi, ukipitisha kidole unakuta gegedu, ile sehemu ngumu ya sikio inayokunjika, limebonyea kama mtu alibana plastiki ya moto. Nilitobolewa kwa ile bunduki ya kutogea, dukani, na dada aliyenitoboa akaniambia nizungushe kila siku na nipake spiriti, nami nikatii kama dawa ya daktari. Wiki ya tatu nyuma ya sikio kikatoka kinundu chekundu, ukubwa wa kichwa cha kiberiti, kinang'aa, nikazidisha spiriti. Af siku moja nikalalia ule upande usiku kucha. Kulipokucha sikio zima limevimba limesimama mbali na kichwa, la moto, linapwita kufuata mapigo ya moyo, na mimi kwa kuogopa nikaichomoa hereni nikidhani ndo natibu. Lile tundu likajiziba kwa nje ndani ya siku mbili, usaha ukabaki umefungiwa ndani, ikaishia daktari kunichana ili autoe. Alinieleza taratibu kwamba ningewahi siku zile za mwanzo na hereni nikaiacha palepale, pengine nisingechanwa. Sitaki wewe upite hapo.

Sasa nikuambie kwanini sikio la juu ni tofauti na ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, maana unaniambia "mbona nilivyotoga utotoni nilipona haraka". Ndewe ni nyama yenye damu ya kutosha, wiki 6 mpaka 8 mara nyingi imeshapona. Gegedu halina mishipa ya damu ndani yake, linalishwa na utando mwembamba unaolizunguka, ndo maana likiumia linajitibu polepole sana na likiingiwa na wadudu mwili unachelewa kupeleka askari wake. Kwahiyo hapo juu hesabu miezi 6 mpaka 12. Pua iko katikati, miezi 4 mpaka 6 hivi. Na kuna kitu kinawadanganya wengi, kidonda cha kutobolewa kinapona kuanzia mdomo wa tundu kuelekea ndani, nje kote unaona ngozi safi, haiumi, haitoi kitu, unasema nimepona, kumbe katikati ya ile njia ngozi bado ni laini kama utando wa yai, ukiipitishia chuma kingine inachanika na unarudi siku ya kwanza.

Wewe una wiki mbili tu. Kaa na hiyo hesabu.

Kusafisha sasa. Kanunue duka la dawa salaini, yani maji ya chumvi yaliyotakaswa, yaandikwe sodium chloride asilimia 0.9 na kusiwe na kitu kingine zaidi ya maji, ni chumvi ile ile kiwango kile kile cha maji ya dripu wanayotundika hospitali. Bora yale ya kupuliza, maana chupa ya kufungua funga kila siku inaingia uchafu. Unanawa mikono kwa sabuni kwanza, hapo usiruke kwakuwa una haraka, af unapuliza mbele na nyuma, unaacha dakika kadhaa vigaga vilainike vyenyewe, vinavyotoka kwa kuguswa kidogo na gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, vitoke, vinavyogoma viache. Mara moja au mbili kwa siku basi. Ukizidisha unakuwa unakibughudhi kidonda, unakikosesha raha.

Ukimaliza kausha. Hii watu wengi hawaambiwi kabisa, unyevu ukikaa nyuma ya hereni ngozi inalainika inakuwa nyeupe kama vidole vilivyokaa sana kwenye maji, na hapo ndo vinundu vinapoota. Kausha kwa gozi au tishu ngumu ya karatasi, sio taulo, taulo lina nyuzi zinanasa na linabeba wadudu, na pamba nayo inaacha manyoya yake yanajisokota kwenye kijiti cha hereni mpaka uyatafute kwa kioo.

Najua utasema "si nichemshe maji nitie chumvi mwenyewe", hata mimi niliambiwa hivyo na zamani watoboaji wengi walikuwa wanashauri hivyo. Siku hizi hata chama cha watoboaji cha Marekani, Association of Professional Piercers, hakishauri tena, kwasababu mtu nyumbani hapimi, 0.9 ni gramu 9 kwenye lita nzima, na mkono wa mtu siku zote unazidisha, chumvi ikizidi inakausha kidonda kinapasuka. Spiriti ndo usiseme, na haidrojeni peroksaidi, na aidini, na mafuta ya mti wa chai, na zile krimu nzito za antibayotiki ulizobakiza. Spiriti inaua wadudu kweli ila inaua na chembe changa ambazo mwili wako umekesha unazitengeneza usiku, asubuhi unakuja unazichoma, usiku zinaanza upya. Krimu nayo inaziba, kidonda hakipumui, jasho na vumbi vinagandia hapo.

Na kuzungusha acha leo. Naomba unielewe hapa maana najua mama na mashangazi wote wanasema zungusha. Hereni haigandani na nyama. Kinachogandana ni yale majimaji yaliyokauka kuzunguka kijiti, yakikauka yanakuwa makali kama chenga za kioo, sasa ukizungusha unayaburuta ndani ya kidonda kibichi yanakwangua ngozi yote iliyoanza kujitandika. Ndo maana ukizungusha inawasha na kuuma kidogo af unatoka ute mpya, na wewe unaona ute unasema ngoja nizidi kusafisha. Ukilowesha kwa salaini na kuiacha itulie utashangaa ndani ya siku nne tano ule wekundu unavyorudi nyuma.

Umeniuliza kile cheupe cheupe kinachotoka ni usaha? Kwa ulivyonielezea, hapana. Majimaji mepesi, meupe au ya njano iliyopauka, yanayokauka yakawa kigaga kwenye shingo ya hereni, hayo ni maji ya mwili yenyewe, ndo kazi ya kupona, yataendelea kwa wiki na hata miezi kwenye gegedu, usiogope wala usiyabandue kwa kucha. Usaha ni mzito, njano iliyokolea au kijani, unanuka, na unakuja na wenzake, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, moto, wekundu unaotambaa kwenda mbali na tundu, uvimbe unaobadilisha umbo la sikio, au homa na baridi ya kutetemeka. Ukiona hayo nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho, na HEREI USIITOE, samahani ni HERENI, nimeandika kwa haraka, usiitoe mpaka daktari aseme, kwasababu ile hereni ndo mlango wa uchafu kutokea. Na kwenye gegedu kuna bakteria anaitwa Pseudomonas, anapenda sana maji maji, dawa za kawaida nyingi hazimuwezi, ndo maana mtu wa kuamua umeze dawa gani ni daktari, sio vidonge vya kubahatisha au vilivyobaki kwenye droo. Kwasababu hiyo hiyo kuogelea weka pembeni mpaka kipone, bwawa, bahari, mto, vyote. Kuoga bafuni hakuna neno, ila shampuu na sabuni isuuze vizuri isibaki nyuma ya sikio.

Kulala ndo mtihani mkubwa kuliko yote, najua wewe unalala kiubavu toka tuko watoto. Tafuta ule mto wa safari wa kuvaa shingoni, uweke juu ya mto wako, sikio liingie kwenye lile tundu la katikati lisiguse kitu. Mimi nilianza kufanya hivi nimeshaharibikiwa ila kwa tundu la pili nililotoboa baadae (ndio nilitoboa tena, upande wa kulia, kwa sindano safari hii) ilinisaidia kuliko dawa yoyote. Ukilalia kila siku, tundu linapinda polepole, hereni inaanza kukaa kwa mshazari, na ikishapinda hainyooki tena. Foronya badilisha mara kwa mara, ukikosa muda wa kufua valisha mto fulana safi, usiku huu lalia mbele kesho lalia nyuma, geuza ndani nje, fulana moja inakupa siku nne.

Simu pia ipeleke sikio la pili, kioo chake kinashikwa kutwa nzima. Nywele zifunge usiku, maana unywele mmoja ukijizungusha kwenye hereni na wewe umelala ukageuka ghafla, maumivu yake hutayasahau. Nguo ya kuvaa kwa kupitisha kichwani ivute taratibu, shika shingo ya nguo kwa mikono miwili uitanue kwanza.

Kuhusu madini. Nenda kamuulize aliyekutoboa hereni ile ni ya nini haswa. Akisema tu "steli ya hospitali" hiyo haitoshi, ni jina linalotumika ovyo na steli nyingi zina nikeli ndani, na nikeli ndo inayowapa aleji watu wengi, Ulaya waliibana kisheria kwenye vito toka 1994. Wewe saa ya mkono tu ile ya zamani ilikutoa vipele, unakumbuka? Kwahiyo wewe sio wa kujaribu. Titaniamu ya kiwango cha kuwekwa mwilini, wanaiandika ASTM F136, ndo salama, au dhahabu halisi ya karati 14 kwenda juu isiyo na nikeli, sio ya kupakwa, ya kupakwa inabanduka ndani ya kidonda.

Af kile kijiti ulichosema kirefu kinakukera kinanasa kila kitu, kiliwekwa kirefu makusudi, kuacha nafasi ya uvimbe. Uvimbe ukishaisha, hapo wiki ya 4 mpaka ya 8, rudi kwa mtoboaji akubadilishie kifupi, usikae nacho mwaka mzima maana kinachezacheza na kuinamisha tundu. Akubadilishie yeye, usijibadilishie mwenyewe bafuni. Kubadilisha kijiti kwa kijiti kifupi ni sehemu ya matibabu, kubadilisha kwa urembo ni habari nyingine, kwahiyo ile hereni ya ringi unayotaka kuivaa kwenye harusi ya dada hapana, shoga. Mwezi mmoja na nusu kufikia siku hiyo haujafika popote. Ringi inazunguka yenyewe kila ukitikisa kichwa, inaingiza vigaga ndani, ni kama kuzungusha kwa mkono kutwa nzima. Dada ataolewa na wewe utapendeza na hicho hicho kidogo, mwakani utavaa ringi mpaka uchoke.

Na ukiona kinundu pembeni usiseme moja kwa moja ni kovu la keloidi, hapana. Keloidi inachukua miezi kujitengeneza, inakua kupita mipaka ya kidonda, ngumu, na haisinyai yenyewe. Kinundu cha kukereketwa kinatokea ghafla, kiko shingoni mwa tundu, kinavimba na kusinyaa kutegemea umekitendaje, na kikikosa cha kukikera mara nyingi kinaondoka. Ila kwenu najua kuna waliopata keloidi, mama mdogo ana ile ya ndewe, kwahiyo wewe ukiona kitu kigumu kinakua hata kama hakiumi nenda kwa daktari wa ngozi mapema kikiwa kidogo.

Kesho ukiamka kabla hujapuliza chochote, simama dirishani penye mwanga, mtu akupige picha mbili, moja ya mbele moja ya nyuma ya sikio, nywele zote zikiwa juu, unitumie. Na nyingine kama hizo baada ya siku tano nizilinganishe. Pale nyuma ndo nataka kupaona zaidi.

Wako akupendaye,
shoga'ko