Malalamiko Kuhusu Tangi la Samaki na Mimea Mlilotufungia Nyumbani

Tudor, Mombasa
18 Machi 2024

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: TANGI LA LITA 240 LA SAMAKI NA MIMEA – DAI LA KUREJESHEWA PESA

Mwezi uliopita mafundi wenu walifika kwetu Tudor, wakafunga tangi la lita 240, wakalijaza maji, wakapanda mimea na kutia samaki, yote kati ya asubuhi na alasiri ya siku moja. Kwa kazi hiyo nililipa Ksh 97,400 kwa M-Pesa. Leo samaki wengi wamekufa na mimea karibu yote imeoza. Nilipopiga simu, afisa wenu alinijibu kwamba samaki ni kiumbe hai, hana waranti, na kwamba tatizo ni maji ya nyumbani kwangu. Jibu hilo silikubali.

Nianze na hayo maji. Hayakutoka kwenye bomba langu. Yaliletwa na boza mliloagiza ninyi wenyewe, maji ya kisima, na gharama yake imo kwenye ankara yenu mliyoipiga muhuri. Hakuna fundi aliyeyapima kabla ya kuyamimina. Samaki walipoanza kufa nilinunua vifaa vya kupimia maji, nikakuta pH (kipimo cha asidi, ambapo chini ya 7 maji ni ya asidi) ni 8.2, na ugumu, yaani wingi wa chokaa iliyoyeyuka ndani ya maji, unapita nyuzi 20 za kipimo hicho. Kwa Mombasa hilo si ajabu. Mji huu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ndio huo Fort Jesus ilikojengwa, na maji ya kisima hupita kwenye chokaa kabla hayajafika kwenye ndoo. Kila nyumba inayochemsha maji hayo inauona ukoko mweupe ndani ya birika. Kampuni inayouza samaki wa maji baridi katika mji huu haiwezi kusema kwamba ilikuwa hailijui hilo.

Juu ya maji hayo magumu, fundi wenu alitandaza kokoto nyeupe za matumbawe. Ni nzuri kwa macho, lakini kokoto hizo ni chokaa. Huyeyuka polepole na kuizuia pH isishuke. Kisha ndani ya maji hayo hayo mkatia neon tetra, samaki wa mito ya Amazon, ambao asili yao ni maji laini yenye asidi. Pamoja nao mkatia mbuna, samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Malawi. Hao maji magumu wanayapenda, ila wana kawaida ya kulinda eneo lao kwa meno na kula chochote cha kijani. Mwenye ujuzi mdogo tu wa kazi hii anafahamu kwamba neon na mbuna hawawekwi pamoja, na kwamba mbuna hawawekwi kwenye tangi lililopandwa majani laini. Mliwauza wote kwenye risiti moja, tena kwa jina la "kifurushi cha familia".

Jambo linaloniuma kuliko yote, na ambalo naomba ulisome kwa makini, ni kuwatia samaki siku ile ile ya kujaza maji. Taka za samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sifongo la filta, kwenye kokoto na kwenye majani. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huifyonza na inayobaki huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawaji na kioo. Huhitaji muda wa kuzaliana, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na muda wote huo inatakiwa kuwalisha amonia kidogo kidogo bila samaki hata mmoja ndani. Vipimo vikionyesha amonia sufuri, nitriti sufuri na nitrati imeanza kuonekana, hapo ndipo samaki wa kwanza wanapoingia, wachache, na wengine hufuata baadaye.

Mafundi wenu hawakututajia hata neno moja la haya. Walimimina chupa ya "bakteria hai" na kunihakikishia kwamba kazi imekwisha. Chupa hiyo ninayo. Tarehe ya mwisho ya matumizi iliyochapwa chini yake ilikuwa imepita tangu mwaka jana, na mliniuzia kwa Ksh 2,800.

Nilipopima, amonia ilikuwa 4 mg kwa lita. Hapa ndipo pH inapoingia tena. Si amonia yote inayoua kwa kasi. Inayoua ni ile iliyo katika hali ya gesi ndani ya maji, na kiasi chake huongezeka kadiri pH na joto vinavyopanda. Kwenye pH 7 na joto la sebule yetu, sehemu hiyo haifiki 1 kwa 100. Kwenye pH 8.2 ni karibu 10 kwa 100. Kwa hiyo maji mliyoyaleta, kokoto mlizozitandaza na haraka mliyoifanya havikuwa makosa matatu yaliyosimama mbalimbali. Kila moja liliongezea jingine ukali, na samaki wakawa katikati.

Tangi hili tulilinunua kwa ajili ya babangu. Tangu apatwe na kiharusi hatoki sana, na kiti chake tulikiweka mbele ya kioo ili apate kitu cha kumshughulisha. Yeye ndiye aliyekuwa akiniita kila samaki walipopanda juu kuhema, mashavu yakiwa mekundu. Mzee amevua baharini ujana wake wote na anajua samaki anayekosa pumzi anafananaje. Alimwambia fundi wenu kwa heshima siku aliporudi kutazama. Fundi akamjibu, "Mzee, hao wanazoea tu." Hawakuzoea. Neon wote walikufa ndani ya wiki hiyo.

Sasa niseme juu ya karatasi yenu ya "Maelekezo ya Utunzaji", ambayo nakala yake naiambatanisha. Niliifuata neno kwa neno, kwa kuwa ninyi ndio wenye kazi. Inasema filta izimwe usiku ili kuokoa umeme. Filta ikizimwa, maji hayapiti kwenye sifongo, oksijeni huisha humo ndani, na bakteria wachache walioanza kuota hufa. Sisi wa hapa tayari tunaisumbukia hali hiyo umeme unapokatika. Hakuna sababu ya mtu kujiletea mwenyewe kila usiku. Inasema sifongo lioshwe kila wiki kwa maji ya bomba na sabuni. Maji ya bomba yana klorini, na klorini huwekwa humo makusudi ili iue bakteria. Sifongo husuuzwa kwa maji yaliyotolewa ndani ya tangi lenyewe, na sabuni haifai kukaribia chombo cha samaki kabisa. Inasema taa ziwashwe kuanzia asubuhi hadi usiku. Kwa tangi jipya, mwanga wa saa 6 hadi 8 unatosha. Zaidi ya hapo ni kulisha mwani, na mwani ndio uliofunika kioo chetu. Tena inasema kwamba maji hayahitaji kubadilishwa kwa kuwa yupo "samaki msafishaji".

Samaki msafishaji huyo ni pleco. Ni kweli hukwangua mwani, lakini naye hula na kutoa taka, na taka zake si kidogo. Aina mliyotuuzia, yule wa kawaida mwenye madoa ya kahawia, akikua hupita sentimita 30. Tangi letu lina upana wa sentimita 40. Mlipompima kwenye mfuko alikuwa na urefu wa kidole, na hakuna aliyetuambia atakuwa mkubwa kiasi gani.

Mimea nayo ilikuwa na shida zake. Anubias ina shina nene linalotambaa, nalo hufungwa juu ya jiwe au gogo, likifukiwa huoza. Fundi wenu alilifukia lote kwenye kokoto. Cryptocoryne huangusha majani ikihamishwa, na huchipua tena ikiachwa itulie, lakini mbuna waliing'oa kabla haijashika. Ile Echinodorus kubwa hujilisha kwa mizizi na ilihitaji udongo au vidonge vya mbolea chini yake. Ilipandwa kwenye kokoto tupu, ikageuka njano, na iliyobaki ikakwanguliwa na pleco.

Mengine nayataja kwa kifupi. Mliniuzia hita ya wati 300 kwa Ksh 4,500, Februari, Mombasa, katika sebule ambayo maji yake hukaa nyuzi 29 bila kupashwa. Meza ya tangi ni ya chipbodi isiyozibwa pembeni, na pembe yake moja imeanza kuvimba kwa maji yaliyorukia wakati wa kufunga. Maji peke yake yana uzito wa kilo 240, bado kioo na kokoto, na wajukuu wa mzee hucheza hapo mbele. Hilo halisubiri majadiliano. Nataka meza ibadilishwe.

Huenda mkasema kwamba maji ya hapa ndiyo magumu, mfanye nini. Yapo mengi ya kufanya, na ndiyo maana nimeudhika kiasi hiki. Maji haya haya yanawafaa molly, guppy na platy, ambao hustawi kwenye maji magumu. Vallisneria inamea vizuri ndani yake, na Anubias, java fern na Ceratophyllum zinayavumilia. Kwa mtu anayetaka kitu cha pekee, wapo samaki wadogo wa jamii ya cichlid, jamii ile ile ya mbuna, wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Ziwa hilo lina maji yenye pH karibu na 9, kwa hiyo maji ya kisima cha Mombasa na hata kokoto zenu za matumbawe vingewatosha kabisa. Tungekuwa na tangi zuri kwa pesa ndogo zaidi. Na kama mteja anang'ang'ania neon, anaelezwa kwamba atahitaji maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mtambo wa kuondoa chumvi, na mchanga wa mto uliooshwa badala ya matumbawe, kisha aamue mwenyewe.

Hata suala la muda lilikuwa na njia. Dukani kwenu nimeona matangi yenye filta zilizofanya kazi miaka. Kipande cha sifongo kutoka mojawapo ya hizo, kikifungwa kwenye mfuko wenye maji na kuletwa siku hiyo hiyo, kingetuanzishia bakteria kwa haraka kuliko chupa yoyote, na kisingewagharimu chochote. Kilichotakiwa ni mtu mmoja kujali kitakachotokea baada ya gari lenu kuondoka.

Nadai mambo haya. Mnirejeshee gharama yote ya samaki, mimea, kokoto, hita na chupa ya bakteria, jumla Ksh 41,300 kwa mujibu wa ankara yenu. Mbadilishe meza. Mje kuwachukua mbuna wanne na pleco waliobaki, wakiwa hai, na kuwaweka mahali panapowafaa. Nitawatunza hadi mtakapofika, maji nayabadilisha kila siku. Na muiondoe karatasi ile ya maelekezo, kwa kuwa kila siku inayoendelea kugawiwa kuna nyumba nyingine inayoua samaki kwa kuitii. Badala ya pesa sitapokea vocha ya duka wala samaki wengine. Vioo, filta na taa ni vizima, hivyo nitavibakiza na kulianzisha tangi upya kwa utaratibu.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mteja haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa zitakazomwezesha kufaidika nazo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Msisitizo wangu uko kwenye hiyo haki ya kupewa taarifa. Mnachouza si kioo na maji tu. Mtu huwalipa kwa kuwa mnayajua asiyoyajua yeye. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitapeleka dai kwenye Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Ksh 1,000,000.

Nimeambatanisha nakala za ankara, ujumbe wa M-Pesa, karatasi ya maelekezo, picha za chupa zikionyesha tarehe, picha za meza, na vipimo vya maji kama nilivyoviandika. Kwa ajili ya kuwachukua samaki, nipo nyumbani kila siku baada ya saa kumi alasiri. Fundi atakayetumwa aje na ndoo yenye mfuniko na pampu ya hewa ya betri.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu wa Tudor