Kwenu vijana wa Pemba mnaokwenda kusoma siasa

Assalam aleikum wanangu.

Nimesikia mwaka huu mlochaguliwa kusoma sayansi ya siasa si haba, wengine mtakuwa Unguja, wengine mnavuka mpaka Mlimani kule Dar, na baadhi ya wazee wenu washanipigia simu wananiuliza huyu mtoto akimaliza ndo atagombea? Nawajibu laa, anakwenda kusoma, kugombea ni kitu chengine kabisa.

Mie nilianza kama mwalimu wa skuli hapa Wete, nikafundisha miaka minne ndo nikapata nafasi ya chuo kikuu, nikaingia dakhalia na begi moja na maneno mengi. Insha yangu ya mwanzo mwalimu aliirudisha kaandika juu yake mstari mmoja tu, hii ni hotuba. Niliumia wiki nzima. Baadae kwenye shahada ya udaktari (PhD) pendekezo langu la utafiti likakataliwa mara mbili na kosa lilikuwa lile lile, jibu nilikuwa nalo mkononi kabla sijauliza suali.

Nawambia haya kwasababu nyie mnatoka majumba yenye chama, kama mie nilivotoka. Pemba mtoto anajua rangi za bendera kabla hajajua kusoma. Siwambii muache vyama vya wazee wenu, hilo ni lenu, ila mkikaa darasani mtaona kila mmoja anakuja na hadithi ya nyumbani kwao anadhani ndo historia.

Ndo maana wanafunzi wangu nilikuwa nawapeleka Kilimani kule Unguja, kwenye Nyaraka, yaani pale panapowekwa makaratasi ya zamani ya serikali, wakatizame wenyewe. Uchaguzi wa Januari 1961, viti 22, vyama vitatu, ASP (Afro-Shirazi) 10, ZNP (Hizbu) 9, ZPPP (chama cha watu wa Unguja na Pemba) 3, na kiti cha Chake Chake kilikwenda ASP kwa kura moja. Kura moja wanangu! Halafu wale watatu wa ZPPP wakagawika, wawili kwa ZNP mmoja kwa ASP, ikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika, ukarudiwa Juni na watu wakauliwa. Hadithi hii nilikua nayo nyumbani, lakini pale kwenye makaratasi ndo nikaona mangapi ilikuwa imeyaacha.

Suali nililolipenda kulifundisha kuliko yote ni hili. Mwaka 1995 urais wa Zanzibar ulitangazwa asilimia 50.2 kwa 49.8, mwaka 2010 ukatangazwa 50.1 kwa 49.1, yaani pengo jembamba mara zote mbili. Mbona wa mwanzo tulivutana miaka mpaka watu hawazikani, na wa pili tukalala usingizi? Mwanafunzi wa haraka atakwambia viongozi walikuwa wazuri. Inawezekana, lakini tizama na kanuni: Julai 2010 tulipiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndio, katiba ikabadilishwa na chama cha pili kikapata Makamu wa Kwanza wa Rais, kwahivo aloshindwa hakutoka mikono mitupu. Mtaalamu wa siasa Mholanzi, Arend Lijphart, alishaandika zamani kuhusu kugawana madaraka kwenye jamii zilizogawika kama yetu, msomeni. Halafu mkishafurahi kuwa mmepata jibu, nendeni Oktoba 2015, kanuni ile ile ipo na matokeo yakafutwa, ukarudiwa Machi 2016. Hapo ndo nilikuwa nafunga daftari nawambia rudini wiki ijayo na mlichokiona. Walokuja wamechanganyikiwa niliwapa maksi nzuri kuliko walokuja na uhakika.

Na jengine, kabla ya kubishana na mtu barazani andika alosema kwa maneno yake mwenyewe, kisha msomee, akikubali kuwa ndo alivosema basi jibu. Ni kazi ngumu khasa kwa mtu ambae humpendi.

Mtizameni na marehemu Profesa Haroub Othman, mtoto wa Zanzibar, alifundisha Dar miaka mingi na bado mwaka 1992 akaja kuanzisha kituo cha huduma za sheria hapa visiwani, mtu wa kawaida akapata pahala pa kuuliza haki yake.

Mwisho niwaombe kitu kidogo. Muwe na jambo jengine mnalolipenda nje ya vitabu. Mie nina mikarafuu yangu michache, na nina bao. Msinitafutie maana ya bao na siasa, nacheza kwa kupumzika tu, kete 64 na kahawa chungu na wenzangu ambao wawili wao hatujapigia chama kimoja tangu 1995. Miaka ile mibaya kuna marafiki niliwapoteza, wale wawili bao ndo lilonibakishia.

Niko barazani Wete kila siku baada ya laasiri. Mkirudi likizo njooni, na kila mmoja aje na daftari.