KUH: RABA ZA SKEITI MLIZONIUZIA NA MATUSI NILIYOONGEZEWA JUU YAKE

Kwa Meneja wa Duka,
Mombasa.

Bwana Meneja,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa dukani kwako mimi sikuonjeshwa hata tone lake. Masharti ya dhamana sina haja ya kukusomea. Yamebandikwa nyuma ya keshia wenu na ninyi ndio mlioyaandika.

Mliniuzia raba kwa shilingi 9,500 mkisema ni "muundo ule ule wa zamani, ila umeboreshwa". Muundo wa zamani naujua kwa nyayo zangu. Ninazo Half Cab za mitumba, raba fupi za skeiti za kampuni ya Vans, zimechezewa saruji ya Malindi hadi swedi imepauka, na soli haijabanduka. Vans walitoa kiatu kirefu cha mchezaji skeiti Steve Caballero mwaka 1989. Wachezaji wakawa wanakikata shingo wenyewe, na mwaka 1992 kampuni ikatoa hicho kifupi. Soli yake huzungushiwa utepe wa mpira, kisha kiatu kizima huingia tanuruni mpaka mpira uive na kushikana. Mwanzoni ni kigumu. Kikishalainika, unausikia ubao wa skeiti chini ya vidole, unajua skrubu ziko wapi bila kuinama. Kisigino ndicho hulipia: ukitua vibaya kutoka kwenye ngazi, kesho yake unachechemea. Hilo sifichi.

Zenu zilikuwa laini kama godoro. Kutua, raha tupu. Ubao ndio sikuusikia kabisa, mguu ukawa unabahatisha. Hata hapo ningenyamaza, maana kipya si lazima kiwe kibovu. Zile raba nene za miaka ya 1990 zilikuwa na soli ya kufinyangwa, ikakumbatia kiatu na kushonwa kwa uzi pembeni kote, na nyingine zilidumu kuliko hizi za tanuru. Sasa tazama uzi wa raba zenu, Bwana Meneja. Uzi gani? Ni alama tu zilizochorwa kwenye mpira! Kilichoshika ni gundi peke yake. Na pale ubavuni, karibu na kidole kidogo, ambapo kila mruko wa oli, ule wa kuruka pamoja na ubao bila kuushika, unaburuza kiatu juu ya msasa wa ubao, mmepitisha mshono mmoja mwembamba juu ya kitambaa. Aliyechora kiatu hiki hajaruka oli maishani mwake.

Soli ikabanduka, nikaja. Kijana wenu wa kaunta akaichukua raba kwa vidole viwili, akanitazama kichwani penye mvi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Shikamoo babu, hizi si za kuvulia pweza." Wateja wakacheka. Akaandika kwenye risiti yangu kwamba nimeingia nazo baharini.

Baharini! Skeiti haichezwi mchangani, magurudumu hayaendi. Aliyeila raba hiyo ni hewa yenyewe. Sponji ya poliurethani, ile plastiki laini iliyo ndani ya soli, hulika kwa unyevu hata ikikaa ndani ya boksi bila kuvaliwa, na pwani yetu unyevu haukosekani. Boksi mlilonipa lilikuwa limefifia rangi upande mmoja. Limekaa stoo muda gani? Hilo ndilo swali nililouliza, na jibu nililopewa ni pweza.

Nirudie, kwa sababu najua utaelezwa vingine. Alipoipinda ile raba mbele yangu, sponji ilimwagika kaunta nzima, unga wa manjano. Ule ndio ushahidi wangu. Nikamwambia, "Mwanangu, usiuguse, mwite meneja." Akaukumba kwa kiganja, akautia pipani huku akiniangalia usoni. Hapo ndipo aliposema shikamoo babu. Na wewe, Bwana Meneja, ulikuwa nyuma ya kioo. Uliinua kichwa, ukatabasamu, ukarudi kwenye simu yako. Kabla sijapanda matatu kutoka Malindi nilikuwa nimepiga simu, sauti ya dada mpole ikanihakikishia, "Njoo tu baba, utabadilishiwa." Nauli yangu ya kwenda na kurudi mmeila pia.

Nilipoanza barua hii nilitaka kubadilishiwa raba, basi. Kadiri ninavyoandika nimeona raba zenu sizitaki hata kwa bure. Nataka shilingi 9,500 zangu zote pamoja na nauli, zirudi kwa M-Pesa kwenye namba ile ile iliyolipa. Nataka maneno yale ya bahari yafutwe kwa maandishi, kwa sahihi yako. Na yule kijana aombe radhi kwenye kaunta ile ile, wateja wakiwapo, kwa sauti ile ile.

Mna siku kumi na nne. Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na fidia ya hasara, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 bila shaka wakili wenu anaijua. Siku zikipita, naenda Mahakama ya Madai Madogo, na huko sitadai nauli na raba peke yake. Wanaocheza skeiti pwani hii tunajuana, nao picha za soli hiyo wanazisubiri. Bado nimezizuia kwa adabu tu.

Raba ninazo mimi. Anayetaka kuzikagua aje Malindi kwa nauli yake.

Mteja wenu wa zamani,
Malindi.