Kwa nini paka mweusi hatoki vizuri pichani

Mteja akifungua simu atuonyeshe sisi wapiga picha picha za paka wake mweusi, mara nyingi tunaona jambo lilelile: doa jeusi juu ya mkeka na macho mawili yanayowaka kijani. Masikio hujui yameishia wapi, mkia umepotelea kwenye kivuli, na ule uso ambao mwenyewe anaujua hata gizani haumo. Kisha linakuja swali: "Kwani simu yangu ni mbovu?"

Si mbovu. Shida iko kwenye jinsi kamera inavyopima mwanga. Kamera, ya simu au kubwa, huanza kwa kukisia kwamba ukichanganya weupe na weusi wote ulio mbele yake, utapata kijivu cha katikati. Mweke paka mweusi mbele ya ukuta wa chokaa, kama kuta nyingi za Mji wa Kale hapa Mombasa. Weupe unajaa picha, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na paka anazama. Sasa msogelee mpaka ajaze picha nzima. Hapo kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na manyoya yanatoka kijivujivu kama nguo nyeusi iliyopauka kwa jua. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga picha ishirini na zote zikaharibika, nusu kwa giza na nusu kwa kupauka.

Dawa yake iko kidoleni. Gusa uso wa paka kwenye kioo. Simu nyingi zitakuonyesha alama ndogo ya jua pembeni. Nyuma yake pakiwa peupe, ipandishe kidogo. Akiwa amejaa kwenye picha, ishushe, mpaka weusi urudi kuwa weusi. Na ukigusa, lenga jicho, usilenge mgongo. Kamera hutafuta mahali weupe na weusi vinapokutana ili picha itoke kali, na manyoya meusi hayaipi pa kushika. Jicho la manjano linaipa.

Lakini mipangilio peke yake haitoshi. Kitu cheusi huonekana umbo lake kwa mng'ao, na mng'ao unataka mwanga wa ubavuni. Mkalishe karibu na dirisha au mlango wa ua, mwanga umpige upande mmoja, utaona bega linatokeza, shavu linatokeza, hata manyoya ya sikioni. Paka wengine weusi, wakiguswa na jua, huonyesha michirizi ya kahawia ambayo mwenye paka hajawahi kuiona miaka yote.

Flashi tunaomba uizime. Nyuma ya jicho la paka kuna tabaka linaloakisi mwanga, ndilo linalomsaidia kuona usiku. Flashi ikilipiga, mwanga unarudi moja kwa moja kwenye lenzi, na hapo ndipo yale macho ya kijani yanapotoka. Isitoshe, inamshtua.

Hili tulijifunza kwa aibu. Bibi mmoja wa Mji wa Kale alituita tumpigie picha paka wake, Kaniki. Tulifika saa sita mchana na taa zetu mbili. Taa ya kwanza kuwaka tu, Kaniki akaingia uvunguni, na mpaka adhana ya alasiri hakutoka. Bibi alitunywesha kahawa, akatwambia kwa upole, "Wanangu, huyu haitwi. Huyu hungojwa."

Tukarudi siku nyingine saa moja asubuhi, bila taa. Tukakaa barazani, kamera imelala mapajani. Vichochoro vya pale vina raha yake kwa mpiga picha: nyumba zimepanda juu, jua halifiki chini mapema, lakini ukuta mweupe wa ng'ambo hulipokea na kulirudisha taratibu. Kaniki akatoka mwenyewe, akakaa kizingitini, mwanga ukimjia ubavuni. Mwenzangu akalala kifudifudi kwenye sakafu mpaka lenzi ikawa sawa na macho ya Kaniki. Bibi alipoonyeshwa picha aliishika karibu na uso, akagusa kioo kwa kidole. Kati ya masharubu yote meusi, mmoja ni mweupe. "Huu! Huu ndio niliokuwa nautaka," akasema. Miaka yote hakuwa na picha hata moja iliyouonyesha.

Tangu siku ile hatupokei kazi ya wanyama mchana. Mombasa iko takriban nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta; saa sita jua liko utosini, kivuli kinaangukia machoni, na saruji inaunguza nyayo za mnyama. Tunakuja kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, na jioni hatuchelewi, maana magharibi yetu huingia haraka. Kama chumba kina eisi, izime mapema: kamera ikitoka kwenye ubaridi kuingia kwenye joto la pwani, lenzi hushika ukungu, na wakati tunangoja ukauke paka ameshaondoka.

Tunafanya kazi hii nyumbani kwa mteja, si studio, kwa sababu paka akiwa mahali pageni hujikunyata na sura yake hubadilika. Siku hiyo usimwogeshe. Mpanguse manyoya kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kutoa vumbi, mcheleweshee chakula mpaka tufike, na weka dagaa wachache pembeni. Tandika kitu chenye rangi, kanga ya njano inampendeza sana paka mweusi. Watoto wa jirani waje baadaye. Na tukifika, usiende kumtafuta wala kumbeba. Tutakaa chini kwanza, kamera ikiwa bado begini.