Kwa mwanangu, kabla hujapanda basi la Nairobi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Hapa Tanga sote wazima, alhamdulillahi, ila mimi usingizi umenipaa tangu mdogo wako aliponionyesha picha ya timu yenu kwenye simu. Wenzako wote meno nje, wewe umefumba mdomo, na mdomo wenyewe una nyuzi. Nilipokupigia ukaniambia, "Ni kitu kidogo mama, mpira uliruka." Kitu kidogo hakishonwi. Na kwa nini nikipate kwa mdogo wako?

Usiseme mama hajui mpira wa magongo. Nimejifunza kwa ajili yako. Najua mnacheza robo nne za dakika 15, najua bao halihesabiwi mpaka mpira uguswe na gongo la mshambuliaji ndani ya ile nusu duara ya mbele ya goli. Najua mpira wenu una gramu zaidi ya 150 na ndani hauna upepo. Na najua kwenye kona fupi, ile ya adhabu wanayopewa wapinzani karibu na goli lenu, wewe ndiye unayechomoka golini kwenda kumkabili mpigaji. Kwa nini iwe wewe kila mara? Kama kocha ameshaamua, basi vaa barakoa ya uso, vaa na kinga ya meno. Habari za kwamba inakubana pumzi sitaki kuzisikia.

Ulinitumia habari za yule aliyekuwa nahodha wa Uingereza, Kate Richardson-Walsh, ukitaka nione ushujaa. Nimeuona. Olimpiki ya London 2012, mechi ya kwanza kabisa, dhidi ya Japani, gongo likamvunja taya. Akapasuliwa, akarudi kucheza kwenye mashindano hayo hayo, wakaondoka na shaba, na 2016 kule Rio akaiongoza timu kuchukua dhahabu. Habari nzuri. Lakini wewe umesoma pale aliporudi uwanjani, mimi nimesoma pale alipolazwa. Aliumia watu wakajua, madaktari wakamchukua, hakumficha mtu. Mbona mwenzake hukunitumia habari zake? Alex Danson, naye ana dhahabu ya Rio, alikuja likizo hapa jirani Kenya mwaka 2018, akacheka kwa kujitupa nyuma, kichwa kikagonga ukuta. Hapakuwa na gongo wala mpira. Kichwa kile hakikumwacha acheze tena, mwaka 2020 akastaafu. Kichwa, mwanangu! Ukigongwa kichwani, siku hiyo mchezo umekwisha kwako, hata iwe fainali, hata kocha akasirike. Ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu, sema. Ukianza kusahau maneno, sema.

Hapa nyumbani ulipokuwa ukianguka ulikuwa ukiambiwa nyamaza, msichana mkubwa haliliagi goti. Waliokuambia walikuwa na kazi nyingi na jua lilikuwa kali. Sasa nakuambia mimi: likiuma, lia. Piga simu hata saa nane za usiku, nitapokea.

Babu yako hana wasiwasi kabisa. Anakaa barazani, kila anayepita anahadithiwa Moscow 1980: jinsi wanaume wetu walivyofungwa na India 18 kwa bila, na jinsi mwaka huo huo wanawake walipocheza magongo Olimpiki kwa mara ya kwanza, dhahabu ikaenda Zimbabwe, nchi yenye miezi mitatu tu ya uhuru. Halafu anamalizia kwamba mjukuu wake naye anavaa jezi ya taifa. Anaanza tena kwa anayefuata. Mimi si mtu wa baraza, ila ile jezi yako ya kwanza nimeifua, nimeipiga pasi, iko kabatini kwangu, na mdogo wako amekatazwa kuigusa.

Huo mkataba wa klabu ya Nairobi, umeusoma wote? Nyumba wanakupa, nauli wanakupa, haya. Ukivunjika mkono, analipa nani hospitali? Liandikwe kwenye karatasi, usiridhike na la mdomo. Na baada ya magongo je? Cheti chako cha ualimu ulikiacha nusu, nami nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na furaha. Goti halichezi mpaka uzeeni. Nenda, lakini ulizia kama unaweza kumalizia huko huko.

Jambo jingine limeniuma. Basi lako litapita Segera. Segera, mwanangu, hapo ndipo njia ya kuja kwenu inapochepuka, na wewe utanyoosha kwenda Arusha kama mtu asiye na kwao? Siku mbili tu ungekuja, tungekwenda hospitali ya Bombo wakakuangalia hilo jino lililo nyuma ya nyuzi. Nimeliona kwenye picha ya pili, limelala. Usinibishie.

Hela uliyotuma imefika, Mungu akuzidishie. Bati la jikoni lilikuwa limeliwa na kutu, upepo wa bahari hauachi kitu, nimebadilisha upande wa mvua, upande wa pili utasubiri. Ada ya mdogo wako imelipwa. Mwezi ujao usinitumie, lipia bima. Kweli usinitumie, machungwa ya Muheza yameanza kushuka na biashara yangu inakwenda.

Mjomba wako anakuja Dar Alhamisi, atashukia stendi ya Magufuli. Nimempa kikapu: kuna achari ya embe, visheti, samaki wa kukaanga waliokauka vizuri, na kinga ya meno niliyoagiza kwa yule kijana wa duka la michezo. Itumbukize kwanza kwenye maji moto, halafu uing'ate ishike umbo. Samaki uwale siku hiyo hiyo. Kikapu ni cha shangazi yako, mpe mjomba arudi nacho, maana ameshakiulizia.

Mama yako