Barua ya malalamiko: Ondoeni makala yetu na jina langu kwenye jarida lenu

Kwa Mkurugenzi wa Uchapishaji,
Ofisi ya Afrika Mashariki.

YAH: KUCHAPISHWA KWA MAKALA YA SUMUKUVU YENYE MAKOSA NA KUTUMIA JINA LANGU BILA IDHINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhadhiri na msimamizi wa mwanafunzi wa uzamili ambaye makala yake kuhusu sumukuvu, yaani sumu ya kuvu kwenye nafaka kama mahindi, ipo kwenye jarida lenu la sayansi ya chakula. Mwaliko mliomtumia mliuandika kwa Kiswahili kitamu, mkamwita "mtafiti mbobezi" wakati hajawahi kuchapisha hata ukurasa mmoja. Nami nawaandikia kwa lugha hiyohiyo, asije mtu akasema hakuelewa.

Makala aliituma Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi mkamjibu kwamba imepitiwa na wataalamu watatu, imekubaliwa, na sasa alipe dola 250, ada ambayo haikutajwa popote kwenye mwaliko. Maoni ya hao watatu ninayo. Wote wameandika sentensi moja ileile, hadi kosa la herufi ni lilelile. Tovuti yenu inasema makao makuu yapo London, lakini fedha mlielekeza zitumwe kwa simu, kwenye namba yenye jina la mtu binafsi.

Sasa fungueni Jedwali la 2. Sisi tulipima sumukuvu kwa mikrogramu kwa kilo. Mlipopanga kurasa, herufi ya Kigiriki inayosimamia mikro ikageuka "m" ya kawaida, na kila kipimo kikawa miligramu, yaani mara 1,000 zaidi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Ghala lililokuwa na hali mbaya kuliko yote lilikuwa na 38. Ninyi mmeliandikia 38,000. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu hii. Mtu wa fani yetu akiziona namba mlizochapisha atajua palepale kwamba wenye maghala hayo wasingekuwa hai kujibu dodoso letu. Mpitiaji mmoja tu, hata anayesinzia, angeuliza. Hakuna aliyeuliza kwa sababu hakuna aliyesoma.

Tuliomba mrekebishe, mkasema marekebisho yanalipiwa. Tukaomba muiondoe kabisa, mkataka dola 400. Kuingia 250, kutoka 400! Na mnadai hakimiliki ni yenu, ilhali fomu ya kuihamisha haina saini ya mwanafunzi wala yangu, na mimi mwandishi wa pili hamkuwahi kuniuliza kama nimeridhia. Muda wote mnaoishikilia hatuwezi kuipeleka kwenye jarida la maana, kwa kuwa majarida yanayojiheshimu hayapokei kilichokwisha kuchapishwa kwingine. Kamati ya idara nayo haiitambui, kwa hiyo mwanafunzi amelipa na bado hana makala ya kumwezesha kuhitimu.

Mbinu hii haikuanzia kwenu. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho nchini Marekani iliiamuru OMICS, kampuni inayochapisha majarida ya kitaaluma, na mmiliki wake kulipa zaidi ya dola milioni 50, katika kesi iliyohusu mambo haya haya: ada zilizofichwa, mapitio yasiyofanyika, na majina ya wasomi kuwekwa kama wahariri bila ridhaa yao.

Hilo la mwisho linanihusu. Mwezi uliopita mwenzangu wa idarani alinionyesha ukurasa wenu wa bodi ya wahariri, na mimi nimo, na picha yangu mmeichukua kwenye tovuti ya chuo. Sijawahi kuhariri hata mstari kwa ajili yenu. Watafiti wa Poland waliwahi kuyaandikia majarida 360 wakimwombea nafasi ya uhariri mtu wa kubuni ambaye hakuwa na sifa yoyote, na 48 yakamkubali, kama ilivyoripotiwa na jarida la Nature mwaka 2017. Mwenzetu huyo hewa angalau aliomba. Mimi sikuomba.

Nimepitia pia madai mengine ya ukurasa wenu wa mbele. Mnasema ni wanachama wa COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji. Orodha ya wanachama wao iko wazi kwa yeyote, na hamumo. Mnasema mmeorodheshwa DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, hamumo. Namba ya ISSN mnayo kweli, ila hiyo inatambulisha jarida tu, haipimi ubora wake. Na hicho "kipimo cha athari" cha 6.8 mnachokitangaza, yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida hunukuliwa, hakitoki Clarivate, kampuni inayotoa kipimo hicho rasmi.

Ninadai muiondoe makala na kuweka tangazo kwamba imeondolewa kwa ombi la waandishi, bila malipo yoyote. Mtuandikie kwamba hamna hakimiliki juu yake. Mrudishe dola 250 kwa mwanafunzi, na jina na picha yangu vitoke kwenye bodi yenu leo hii, hilo halihitaji kikao. Nawapa siku 14. Zikipita, barua hii pamoja na risiti ya malipo, maoni ya wale watatu na nakala ya Jedwali la 2 vitakwenda Tume ya Ushindani, kwa mwanasheria wa chuo na kwa COPE, ambao jina lao mnalitumia.

Majibu yaje kwa maandishi. Msimpigie simu mwanafunzi.

Mhadhiri na msimamizi wa utafiti,
Dodoma.

Nakala: Mwandishi wa kwanza wa makala, Kurugenzi ya Utafiti na Machapisho ya chuo.